Tumbawe jipya nyumbani: kulinganisha maji, dawa ya kuchovya, karantini na njia za kupoza kwa wafugaji wa Unguja na Pemba

Kipande cha tumbawe kinapofika nyumbani kwako, iwe Kiembesamaki au Chake Chake, kimeshapita saa kadhaa gizani ndani ya mfuko, hewa imepungua na joto limepanda au limeshuka. Kimebakiwa na akiba ndogo ya nguvu, na hiyo ndiyo itakayoamua kama kitafungua polipu zake, yaani vimidomo vyenye minyiri, au kitaanza kuchubuka. Kila unachokichagua katika wiki sita za mwanzo ama kinailinda akiba hiyo ama kinaila.

Tunalinganisha hapa njia zinazowezekana kwa mtu wa visiwani, mwenye joto la Kaskazi, umeme unaokatika, maji ya kisima yenye chokaa na bahari iliyo karibu. Msimamo wetu tuuseme mapema: ukiwa na pesa ya kitu kimoja tu cha ziada, nunua tangi dogo la karantini, yaani la kulitenga tumbawe jipya, kabla hujafikiria taa kubwa zaidi.

Tumbawe gani uanze nalo

| Kundi | Mfano | Mwanga (PAR, kipimo cha mwanga unaotumiwa na mwani wa tumbawe) | Mkondo wa maji | Kinachoharibika kwanza |
|---|---|---|---|---|
| Laini | Sarcophyton, Sinularia, Zoanthus | 50–120 | mdogo hadi wa kati | kidonda cha pale lilipokatwa huoza |
| Magumu ya polipu kubwa | Euphyllia, Duncanopsammia | 80–150 | wa kati, usiopiga pahala pamoja | nyama hujitenga na mfupa, ute wa kahawia |
| Magumu ya polipu ndogo | Montipora, Acropora | 200–350 | mkubwa, wenye kubadilika | kuchubuka kuanzia chini, kupauka |

Kwa anayeanza, Sarcophyton na Duncanopsammia ndiyo yanayosamehe makosa. Sarcophyton lina tabia ya kujifunga na kutoa ngozi nyembamba kama nta, na linaweza kukaa hivyo siku kadhaa, pengine zaidi ya wiki. Watu wengi hulitupa likiwa zima kabisa. Lielekezee mkondo kidogo ngozi ile itoke, kisha lisubiri. Tumbawe laini linalokufa hunuka na hulegea likayeyuka. Lililojifunga tu hubaki gumu mkononi.

Euphyllia huvutia macho, lakini usiku hutoa minyiri mirefu inayowaunguza majirani, kwa hiyo liachie nafasi ya sentimita 15 kila upande. Acropora tunashauri lisubiri mpaka tangi lako limevuka msimu mzima wa Kaskazi bila joto kuyumba. Ni kweli limejaa kwenye miamba yetu, ila huko lina bahari nzima ya kulipooza.

Zoanthus na ndugu yake Palythoa baadhi yake yana sumu iitwayo palitoksini, ambayo ni kali mno. Vaa glavu na miwani unapoyakata, usiyaguse ukiwa na kidonda, na kamwe usichemshe jiwe lenye matumbawe hayo wala kulisugua kwa maji ya moto, kwa sababu mvuke wake umeshawapeleka watu hospitali. Watoto wakae mbali na meza ya kazi.

Kuhusu pa kuyapata, chukua kipande kilichokatwa kutoka tangi la mfugaji mwingine au kilichokuzwa kitaluni. Kipande cha namna hiyo kimeshazoea maisha ya kwenye kioo. Kuvunja tumbawe hai baharini bila kibali ni kosa, na hifadhi kama ya Chumbe, iliyotangazwa mwaka 1994, zimefungwa kwa uvunaji wowote. Matumbawe magumu yote yamo pia kwenye Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa CITES, ule wa biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, kwa hiyo ukiagiza kutoka nje ya nchi mzigo unahitaji karatasi zake kabla haujavuka mpaka.

Maji ya bahari au chumvi ya pakiti

Hapa visiwani swali hili lina uzito kuliko kwa mfugaji wa bara, kwa sababu sisi bahari tunayo mlangoni. Lakini bahari iliyo mlangoni inaweza kuwa chafu.

Maji ya bahari ya wazi yana chumvi ya gramu 35 hivi kwa kilo, alkalini (uwezo wa maji kuzuia asidi) ya 6.5 hadi 7 kwa kipimo cha dKH, kalsiamu ya miligramu 410 hivi kwa lita na magnesiamu karibu 1,290. Kwa tumbawe hayo ni maji kamili, tena ya bure. Yanaharibika kwa namna unavyoyachota. Usichote mbele ya Mji Mkongwe wala jirani na bandari ya Malindi, kwa kuwa maji taka na mafuta ya boti hufika pale. Usichote karibu na mikoko kama ya Chwaka baada ya mvua. Maji huwa na rangi ya kahawia na chumvi imeshuka. Pwani ya mashariki, Paje na Jambiani, maji yakipwa yanayobaki ndani ya mwamba hupata joto kali na huchafuka kwa mchanga. Nenda maji yakiwa yamejaa au yanakaribia kujaa, siku za ukame, na ikiwezekana mwombe mwenye ngalawa akuchotee nje ya mwamba. Siku za bamvua maji mapya ya nje huingia kwa wingi, lakini ukiona yamechafuka kwa mchanga, ngojea maji mafu.

Tumia madumu ya plastiki ya chakula ambayo hayajawahi kubeba mafuta ya taa, sabuni wala mafuta ya kula. Usitumie ndoo ya bati. Ukifika nyumbani, pitisha maji kwenye mfuko wa kuchujia wa maikroni 5, yaweke gizani ndani ya pipa lenye kifuniko na jiwe la hewa kwa siku tatu, kisha vuta ya juu na uache mashapo ya chini. Pima chumvi na amonia kabla ya kutumia. Yatumie ndani ya wiki mbili.

Chumvi ya pakiti ina faida moja kubwa: leo na mwezi ujao ni ileile. Inahitaji gramu 35 hadi 40 kwa lita kulingana na aina, maana yake lita 100 zinakula karibu kilo 4. Gharama yake kubwa haimo kwenye chumvi, imo kwenye maji matamu ya kuiyeyushia. Unguja imekaa juu ya mawe ya chokaa, na maji ya visima vyetu ni magumu; karibu na pwani yana na chumvi ndani yake. Kwa hiyo unahitaji mashine ya kuchuja maji kwa utando, yaani RO, yenye chujio la mwisho la rezini, na kipima cha TDS, yaani cha vitu vilivyoyeyuka ndani ya maji, kisome 0. Mashine hiyo inataka msukumo wa bar 3 hadi 4. Simtenki lililo juu mita tatu linatoa bar 0.3 tu, kwa hiyo bila pampu ya kusukuma itadondosha matone na kutupa maji mengi. Hata ikifanya kazi vizuri, kwa kila lita 20 safi itatoa lita 60 au 80 za kutupa; zipeleke kwenye kufua na chooni, maana maji hayapatikani kila siku katika mitaa mingi.

Ukichagua maji ya bahari usidhani umekwepa mashine hiyo. Maji yanapokauka, chumvi hubaki. Tangi la lita 100 linalopoteza lita mbili kwa siku, ukilijaza kwa maji ya bahari, unaongeza gramu 70 za chumvi kila siku, na ndani ya siku 10 umetoka 35 umefika 42. Tumbawe halivumilii hilo. Kinachokauka kinarudishwa kwa maji matamu yaliyosafishwa, kila siku, na ikiwezekana asubuhi na jioni. Maji ya mvua yaliyopita kwenye mabati yana zinki. Maji yanayodondoka kwenye eesi yamepita kwenye mabomba ya shaba. Yote mawili ni sumu kwa viumbe wasio na uti wa mgongo, hata kwa kiasi kidogo.

Uamuzi wetu ni huu. Anayeishi Nungwi, Jambiani, Makunduchi au pwani ya wazi ya Pemba, mwenye njia ya kupata maji ya nje ya mwamba kila wiki mbili, atumie maji ya bahari. Anayeishi mjini atumie chumvi ya pakiti, kwa kuwa kila safari ya kuchota maji ya karibu ni bahati nasibu. Wote wawili wanunue RO. Na yeyote asibadilishe aina ya maji katika mwezi wa kwanza wa tumbawe jipya.

Kuna jambo ambalo wengi hawamuulizi muuzaji: alkalini ya tangi lake. Chumvi nyingine za pakiti hufika 11 dKH. Tumbawe lililokulia humo ukilitia kwenye maji ya bahari ya 6.5 linaweza kuchubuka ndani ya siku chache hata kama vipimo vyako vyote vinaonekana vizuri. Pandisha alkalini ya karantini ikaribie ya muuzaji kabla tumbawe halijafika, kisha ishushe polepole kwa kubadilisha maji. Gramu 3 za bikaboneti ya sodiamu ya kuokea, iliyo tupu, zinapandisha lita 100 kwa 1 dKH hivi. Beking pauda haifai, wala magadi ya kulainishia maharage. Ziyeyushe kwanza kwenye kikombe cha maji ya RO na umimine taratibu mbele ya pampu. Usizidishe 0.5 dKH kwa siku tumbawe likiwa limo ndani.

Kuelea mfuko au kudondosha maji

Uache mfuko uelee juu ya tangi dakika 15 hadi 20, taa zikiwa zimezimwa, ili joto lilingane. Kisha pima chumvi ya maji ya mfukoni kwa refraktomita, kifaa cha kupimia chumvi, iliyorekebishwa kwa maji ya kipimo cha 35. Tofauti ikiwa ni 1 au 2 tu, endelea na dawa ya kuchovya moja kwa moja. Ikizidi, weka tumbawe kwenye ndoo na udondoshe maji ya tangi kwa mpira mwembamba uliofungwa fundo, matone mawili hadi manne kwa sekunde, mpaka maji yawe maradufu. Dakika 30 hadi 45 zinatosha. Kudondosha kwa saa tatu kunakosifiwa na watu hakuna faida kwa tumbawe. Ndoo inabadilika joto na hewa inapungua. Chumba chenye eesi ndicho kibaya zaidi kwa hili, kwa sababu ndoo ya lita mbili hupoa haraka huku tangi likibaki na joto lake.

Maji ya mfukoni yatupwe, yasiingie kwenye tangi lolote.

Dawa ya kuchovya: ipi kwa adui yupi

Lugol, yaani aidini ya asilimia 5, inafaa kwa vidonda na bakteria. Tumia matone 10 kwa lita moja ya maji ya tangi, kwa dakika 10. Maji yawe na rangi ya chai nyepesi isiyo na maziwa. Inasaidia Euphyllia lililoumia njiani na tumbawe laini lililokatwa karibuni. Dhidi ya minyoo bapa ni dhaifu. Usiibadilishe na aidini ya kusafishia vidonda inayouzwa famasi bila kujua imechanganywa na nini, kwa sababu nyingine zina sabuni ndani.

Haidrojeni peroksaidi inapatikana famasi nyingi za mjini. Kwa matumbawe kazi yake ni kuua mwani unaoota kwenye kitako (kile kipande kigumu ambacho tumbawe limepachikwa) na katikati ya Zoanthus. Changanya sehemu 1 ya peroksaidi ya asilimia 3 na sehemu 10 za maji ya tangi, dakika 5, kisha suuza. Soma lebo vizuri: ikiwa ni ya asilimia 6, tumia nusu. Usiitumie kwa matumbawe ya nyama nene, na kama kuna kamba au kaa mdogo unayetaka kumbakiza, mtoe kwanza.

Dawa za kiwandani zilizotengenezwa kwa matumbawe ndizo bora dhidi ya minyoo bapa na konokono uchi. Wadudu hulegea na kuachia, ukiwapulizia maji wanaanguka. Fuata kipimo cha kwenye chupa na usikizidishe kwa kudhani zaidi ni bora. Bei yake ni kubwa na huku kwetu huagizwa, kwa hiyo inunue kabla ya tumbawe.

Maji matamu matupu, ambayo wengine huyatumia kwa kuwa ni ya bure, hatuyashauri. Seli za tumbawe hunywa maji zikapasuka, na kipande kilichochoka kwa safari hakirudi tena.

Kazi yenyewe inahitaji vyombo vitatu vya lita mbili: cha dawa, cha kusuuzia, na cha kusuuzia mara ya pili, vyote kwa maji ya tangi yenye joto moja. Shika tumbawe kwa kitako, lizamishe, na kwa bomba la sindano la mililita 60 lisilo na sindano lipulizie kila upande kila baada ya dakika moja, hasa chini. Angalia kinachoanguka. Mnyoo bapa ni kijitu chembamba cha duara kinachoteleza. Konokono uchi wa Montipora ni mweupe mwenye vinyweleo mgongoni. Dawa ikishatumika itupwe, usiihifadhi kwa tumbawe la kesho.

Sasa jambo ambalo linafanya sehemu inayofuata iwe ya lazima: hakuna dawa yoyote kati ya hizi inayoua mayai. Mayai ya mnyoo bapa wa Acropora hukaa kama vidoa vya kahawia kwenye mfupa ulio wazi chini ya tawi, na maji yakiwa nyuzi 27 huanguliwa kwa siku 11 hivi. Ukichovya leo, ukaona maji safi na ukaliingiza tumbawe kwenye tangi kubwa, baada ya wiki mbili una kizazi kipya kwenye mawe yako yote. Kwa hiyo ondoa kitako kilichokuja na tumbawe. Likate kwa koleo la mfupa juu kidogo ya mpaka wa nyama, tupa kile cha zamani pamoja na mwani, konokono wa mirija na vianemoni vya Aiptasia vilivyojificha, na ulipachike kwenye kitako kipya. Kwa mtazamo wetu hatua hii ina thamani kuliko dawa yoyote.

Karantini au kuingiza siku hiyohiyo

Kuingiza moja kwa moja kunaokoa pesa na nafasi, na tumbawe huhama mara moja tu. Maji ya tangi kubwa ni tulivu, chumvi na joto haviyumbi. Ikiwa una tumbawe laini moja tu, linatoka kwa mtu unayelijua tangi lake, umelikata kitako na umelichovya, hatari ni ndogo. Hilo ni chaguo la heshima kwa tangi linaloanza, lisilo na kitu cha kupoteza.

Karantini inahitaji tangi la lita 40 hadi 60 bila mchanga, pampu ndogo ya mkondo, taa inayopunguzika, feni, kipimajoto, na jiwe moja au mawili yaliyokaa kwenye tangi lako kubwa ili bakteria wa kusafisha wawepo. Chini pakiwa kioo kitupu utaona kila kitu kinachoanguka. Weka vipande juu ya wavu wa plastiki wa kufunikia taa, ule wenye vijitundu vya mraba, ili uviinue bila kuvigusa. Badilisha robo ya maji kila wiki, yaani lita 10 hadi 15. Chovya kila siku ya saba kwa wiki sita, na kila mara kagua kitako kwa kioo cha kukuzia. Wiki hizo sita zinapita kipindi cha mayai, na pia, tangi likikaa bila samaki kwa nyuzi 27, vimelea vya madoa meupe vya samaki vinavyopanda kwenye mawe na vitako hukosa pa kuishi.

Udhaifu wa karantini ni udogo wake. Lita moja ikikauka kwenye lita 50, chumvi inatoka 35 inakuwa 35.7 kwa siku moja tu, na feni ikiwaka Kaskazi lita moja si nyingi. Mtu anayesafiri Dar kila wiki na hana wa kumjazia maji ataua matumbawe kwenye karantini ambayo yangeishi kwenye tangi kubwa. Weka alama ya kalamu kwenye kioo pale maji yanapotakiwa kufika, na umfundishe mtu mmoja nyumbani: maji ya RO, mpaka alama, asubuhi na jioni, basi.

Kwa yeyote mwenye Acropora, Montipora au tangi lililojaa matumbawe ya zamani, karantini haina mbadala. Gharama yake ni ndogo kuliko kuvunja mwamba mzima wa ndani ya tangi kutafuta konokono wenye urefu wa milimita tatu.

Vifaa vya karantini, yaani mpira, wavu na bomba, vibaki vyake peke yake. Na maji yake, kama ya mfukoni na ya dawa, yamwage chooni au ardhini mbali na kisima. Yasimwagwe ufukweni hata kidogo. Mnyama au ugonjwa uliotoka kwenye tangi la nchi nyingine ukifika kwenye mwamba wa Misali au Mnemba, hakuna wa kuuchovya dawa.

Feni, chila au eesi

Joto ndilo linaloua matumbawe mengi zaidi katika nyumba za hapa. Ndani ya nyama ya tumbawe mnaishi mwani mdogo sana unaolilisha kwa mwanga. Joto likizidi, mwani ule huanza kutoa kemikali zinazoumiza, tumbawe huufukuza, likabaki jeupe na njaa. Baharini, joto likikaa nyuzi 1 juu ya kiwango cha kawaida cha msimu wa joto kwa wiki kadhaa, kupauka huanza. Ndivyo ilivyotokea kwenye miamba ya Afrika Mashariki mwaka 1998 na tena 2016. Kipande kilichotoka safarini hakina hata wiki hizo. Lenga nyuzi 25.5 hadi 27.5, na likifika 29 chukua hatua.

Feni inayopuliza juu ya maji ndiyo chaguo letu la kwanza. Lita moja ikigeuka mvuke inaondoka na joto la kutosha kushusha lita 100 kwa karibu nyuzi 6, ingawa chumba huendelea kurudisha joto hilo. Kwa vitendo utapata nyuzi 2 au 3 siku za upepo mkavu. Masika, hewa ikiwa imejaa unyevu, pengine 1 tu. Nunua feni za volti 12, kwa sababu zinaweza kufanya kazi kwa betri. Toa kifuniko cha kioo, weka wavu.

Chila, yaani mashine ya kupozea maji ya tangi, hushusha joto hadi pale unapotaka bila kujali unyevu. Inakula umeme mwingi na inatoa joto lote chumbani. Ukiiweka kwenye kabati chini ya tangi, inajipasha moto yenyewe. Inafaa kwa tangi la lita 200 kwenda juu lenye Acropora, ikiwa na pa kutolea hewa. Eesi ya chumba inapoza tangi na watu, lakini ikizimwa mchana na kuwashwa usiku tangi dogo huyumba nyuzi 3 kwa siku, na huko kuyumba kunaumiza kuliko nyuzi 28 zilizotulia. Nyumba yenye eesi ya usiku ndiyo pekee hapa tunayoishauri iwe na hita, iliyowekwa nyuzi 26.

Kwa dharura, chupa ya barafu ya nusu lita iliyofungwa ikielea kwenye lita 60 inashusha karibu nyuzi moja. Chupa ya lita moja na nusu itashusha zaidi ya mbili kwa mkupuo, usiitumie.

Umeme ukikatika, hewa ndiyo inayokwisha kwanza, joto hufuata. Mtu wa Unguja anayekumbuka kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, kisiwa kikiwa hakina umeme wa gridi, hahitaji kushawishiwa kuhusu betri. Pampu ya mkondo ya wati 5 kwenye betri ya volti 12 yenye Ah 20, ukiitumia nusu ya chaji yake ili isife mapema, inakwenda saa 24. Jenereta ni ya tangi kubwa. Kwa karantini betri inashinda, haina kelele wala moshi chumbani. Pampu ya hewa ya betri za tochi ni akiba ya mwisho na bei yake ni ndogo.

Mwanga na gundi

Taa za LED zianze nusu ya nguvu, tumbawe likiwa chini ya tangi, kisha pandisha asilimia 10 hivi kila wiki. Tumbawe lililotoka gizani likitiwa kwenye mwanga kamili hupauka kwa namna ileile ya joto, na mtu asiyejua huongeza mwanga akidhani linakosa. Jua la dirishani tusilitegemee: linapasha maji na linaleta mwani kwenye kioo.

Kwa kupachika, gundi ya jeli ya sianoakrileti inashika kwa sekunde chache na inatosha kwa vipande vidogo. Kausha kitako kwa kitambaa, weka tone, zamisha, zungusha ukikandamiza. Epoksi ya sehemu mbili ni ya vipande vizito, lakini kwenye karantini ya lita 50 inaweza kuchafua maji, kwa hiyo ingojee tangi kubwa. Matumbawe laini hayashikwi na gundi kwa sababu ya ute wake. Yaweke kwenye kibakuli cha vipande vya mawe, mkondo mdogo, wiki moja au mbili yajishike yenyewe.

Siku mbili au tatu za mwanzo usilishe. Duncanopsammia likianza kutoa minyiri mchana, mpe kamba aliyesagwa laini, kiasi cha punje ya mchele kwa kila mdomo, mara moja kwa wiki. Ukiona ute wa kahawia kwenye Euphyllia, zima pampu kwanza ili usisambae, uuvute wote kwa bomba la sindano, kata tawi lililooza likiwa nje ya maji ya tangi, chovya kilichobaki kwenye Lugol, na ukitenge peke yake. Kwa Acropora linalochubuka kutoka chini, kata juu ya mpaka wa nyama nzima kwa sentimita moja siku hiyohiyo. Kungoja mpaka kesho kwa kawaida kunamaanisha hakuna cha kukata.